Kwa mzee wa rejeta, Tabata: saa 6 na shilingi 269,000 za kubadilisha kulanti ya Premio yangu

Gereji haina bango. Iko Tabata, nyuma ya uzio wa mabati, chini ya mwarobaini mkubwa, na wanaoijua wanaiita tu "kwa mzee wa rejeta". Nimeenda hapo mara mbili mwaka huu, ya kwanza kubadilisha kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa yanayopoza injini ya gari langu, ya pili kurekebisha kosa dogo lililobaki. Kazi niliyoiona pale sijaiona kwingine katika miaka 9 ya kumiliki gari hapa Dar es Salaam, na inaniuma kwamba nilichelewa kuijua.

Gari lenyewe ni Toyota Premio ya mwaka 2004, injini 1NZ ya cc 1,500. Siku ile lilikuwa limetembea kilomita 187,400. Mimi ni mwalimu wa Kemia sekondari. Mama yangu anaishi Ilula, mkoani Iringa, kwa hiyo mara tatu au nne kwa mwaka, kila shule ikifungwa, napanda Kitonga.

Kwa asiyepajua: ukishavuka hifadhi ya Mikumi, ukapita bonde la mibuyu na Ruaha Mbuyuni penye vitunguu vilivyopangwa kando ya lami, barabara inaanza kujisokota kupanda mlima. Upande mmoja jabali, upande mwingine korongo. Malori ya kwenda Tunduma na Zambia yanapanda kwa gia ndogo kabisa, na ukinaswa nyuma yake unakwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Hapo upepo wa barabarani hauingii kwenye rejeta, feni inabaki peke yake, na injini inafanya kazi ngumu kuliko siku nyingine yoyote. Gari linaweza kuzunguka Dar mwaka mzima likiwa na ugonjwa kwenye mfumo wa kupoza na lisionyeshe dalili hata moja. Kitonga hautaficha.

Kwangu haukuficha Desemba iliyopita. Nilikuwa na wanangu wawili, buti limejaa mchele na sukari ya sikukuu. Mshale wa joto, ambao siku zote husimama chini kidogo ya katikati, ulipanda ghafla kama mtu aliyeusukuma kwa kidole. Nikazima kiyoyozi, nikatafuta upenyo, nikasimama. Mvuke ulikuwa unatoka pembeni ya boneti. Kabla sijajua la kufanya, kijana mmoja mpita njia alishakuja na kitambaa mkononi, anataka kufungua mfuniko wa rejeta "hewa itoke". Dereva wa lori lililokuwa likipanda polepole pembeni yetu akapiga kelele dirishani: "Dada, mkataze! Asifungue huo mfuniko, ataungua uso!"

Namshukuru dereva yule mpaka leo. Nafundisha kidato cha pili kwamba maji yaliyofungwa kwenye presha huchemka juu ya nyuzi 100, na kwamba presha ikiondolewa ghafla sehemu ya maji yale hugeuka mvuke papo hapo. Nafundisha kwa mfano wa sufuria ya presha. Rejeta ni sufuria ile ile, nayo kijana alikuwa ameinamia juu yake. Tulisubiri zaidi ya saa moja mpaka boneti ikashikika, tukafungua kidogo kidogo, tukaongeza maji ya chupa za kunywa huku injini ikinguruma taratibu. Tulifika Ilula usiku, mama amekaa nje na shuka mabegani akiangalia taa za barabarani.

Sikutaka tena fundi wa karibu tu. Niliuliza, nikaelekezwa Tabata.

Siku ya kwanza nilifika saa 3 asubuhi na mzee akakataa kuligusa gari. Aliweka kiganja juu ya boneti, akasema, "Mwalimu, umetoka nalo mbali. Kazi ya maji inaanza injini ikiwa baridi. Kaa unywe chai." Nilikaa mpaka saa 4 na nusu. Wapo watakaokereka, na kwa kweli hakuna pa kukaa pazuri, kuna benchi moja la mbao na tairi mbili. Lakini nilishapelekwa gereji ambazo fundi hufungua maji yakiwa bado yanachemka, kisha humimina maji ya baridi kwenye injini ya moto. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini hii, ni ya alumini. Alumini ikipozwa ghafla inaweza kupinda, na ikipinda gasketi inayoziba kati yake na injini haikai tena.

Alipofungua mfuniko, hakuangalia maji kwanza. Aliangalia mfuniko. Una mpira chini na springi, na juu umeandikwa 1.1. Nilikuwa nimeuona miaka yote na sijawahi kujiuliza namba ile ni ya nini. Ni presha ambayo springi inaishikilia kabla ya kuachia. Mzee anacho kipampu cha mkono chenye saa ya presha. Akaufunga mfuniko wangu kwenye kile kipampu, akapampu, na mshale ukaishia 0.4 hewa ikaanza kutoka. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka.

Hapa niliingia darasani, safari hii kama mwanafunzi. Maji ya kawaida usawa wa bahari huchemka nyuzi 100. Ukichanganya nusu kwa nusu na ethilini glikoli, ambayo ndiyo moyo wa kulanti nyingi, kiwango kinapanda nyuzi 7 au 8 tu. Presha ya mfuniko mzima wa 1.1 ndiyo inayoongeza nyuzi kama 20. Sasa jumlisha mwinuko: Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huko huchemka karibu nyuzi 95. Mimi nilikuwa napanda kuelekea huko na mfuniko uliokufa na maji yasiyo na kitu ndani. Ningeweza kulipiga hesabu hilo ubaoni kwa dakika mbili, ila sikujua kwamba linanihusu. Mfuniko mpya ulikuwa shilingi 20,000.

Kisha maji. Nilitegemea rangi ya waridi, maana gari lilikuja kutoka Japani na maji ya waridi, yale ambayo Toyota huyaita Super Long Life Coolant. Yaliyokuwemo yalikuwa ya kahawia, yenye utelezi wa kijani pembeni, na kwenye shingo ya rejeta palikuwa na tope laini kama mashapo ya chai. Ndipo nilipokumbuka Septemba. Mpira wa juu wa rejeta ulipasuka, nikalipeleka gari kwa fundi mwingine, akaubadilisha kwa dakika 20, akajaza maji ya bomba na kumalizia kwa kulanti ya kijani aliyokuwa nayo. Nilimlipa nikamshukuru. Mambo mawili yalitokea siku ile ambayo nayaelewa sasa. La kwanza, alichanganya aina mbili ambazo dawa zake za kuzuia kutu si za ukoo mmoja. Zikikutana zinaweza kudhoofishana, na nyingine hufanya tope. La pili, maji ya mtaani kwetu, hasa ya kisima, yana chumvi. Mnaoishi Dar mnajua birika linavyoota magamba ndani. Magamba yale yale hukaa kwenye vijibomba vya rejeta, na kloridi iliyo kwenye chumvi huila alumini.

Rangi nayo isikudanganye. Si sheria. Mtengenezaji mmoja anaweza kuweka rangi ya waridi kwenye kitu tofauti kabisa na cha mwenzake. Kinachosomwa ni maandishi ya lebo na kile kitabu cha gari kinachotaka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Nilikuwa nimekuja na dumu langu la lita 5, kulanti ya kijani inayong'aa, niliyonunua njiani kwa shilingi 12,000. Lilikuwa na lebo nzuri, picha ya gari, na maneno ya kutosha kumridhisha mtu. Mzee alitoa kifaa kama darubini ndogo. Unaweka tone la maji kwenye kioo chake, unafunika, unachungulia ukielekea kwenye mwanga, na unaona mstari unaotenganisha bluu na nyeupe kwenye ngazi ya namba. Namba zinasoma kiwango ambacho maji hayo yataganda. Nikamuuliza, Mzee, kuganda kwa nini, kwani tunaishi Ulaya? Akasema hata Makete huganda baridi ya Juni, lakini yeye hajali kuganda, anajali kiasi cha dawa. Kulanti ya nusu kwa nusu huganda nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji matupu huganda sifuri. Kwa hiyo namba inakuambia kuna glikoli kiasi gani ndani.

Tone kutoka rejeta yangu lilisoma nyuzi 4 chini ya sifuri. Yaani glikoli haikufika hata sehemu moja kati ya saba.

Tone kutoka dumu jipya la kijani lilisoma sifuri.

Akanipa nichungulie mwenyewe. Nilifuta kioo, nikaweka tone la maji ya kunywa kutoka chupa yangu, nikachungulia, kisha la kijani tena. Mstari ulikaa mahali pamoja. Nilikuwa nimenunua maji yaliyotiwa rangi. Si kulanti dhaifu, ni maji. Sijui ni wangapi wamejaza maji hayo kwenye magari ya kubebea watoto wao wakiamini wamefanya jambo la maana. Nilihisi joto usoni, na nalihisi tena ninapoandika. Mtu akikuuzia maji ya rangi kwa bei ya maji ya rangi, ni sawa. Akikuuzia kama kinga ya injini, amekuuzia gasketi ya kuungua na usiku wa porini.

Tangu siku hiyo nanunua kulanti kwa wakala mwenye risiti, na ninaangalia muhuri wa chini ya kifuniko. Siku ile mzee alimtuma kijana wake kwa bodaboda, akaleta dumu mbili za lita 5 za ile ya Toyota ya waridi, shilingi 75,000 kila moja. Ni bei kubwa, sikatai. Alizipima mbele yangu kabla ya kuzitia, zote mbili mstari ulishuka mpaka kwenye 37. Kulanti hiyo huja ikiwa imeshachanganywa nusu kwa nusu, haiongezwi maji.

Kumwaga kulichukua muda kuliko nilivyofikiri. Chini ya rejeta kuna koki ndogo ya plastiki. Aliifungua kwa vidole, bila koleo, kwa sababu zile za zamani hukatika. Maji yakaingia kwenye beseni. Akafungua na nati nyingine kwenye ubavu wa injini, nami hapo sikuwahi kuona fundi akigusa. Sababu yake ni hii: ukifungua rejeta peke yake, sehemu kubwa ya maji hubaki ndani ya injini. Ukishaosha kwa maji safi halafu ukajaza kulanti iliyochanganywa tayari, maji yaliyobaki yanaipunguza nguvu na unaishia na robo au theluthi badala ya nusu. Mafundi wengi huosha vizuri na kuharibu hapo hapo.

Kopo la akiba alilitoa kabisa, akalisugua kwa brashi ya chupa na sabuni. Lilikuwa na tope la miaka.

Aliosha mara tatu kwa maji yaliyochujwa ya betri. Lita 12, shilingi 24,000. (Ukienda kununua sema waziwazi unataka maji ya kuongezea, yasiyo na asidi, maana wauzaji wengine huita vyote viwili maji ya betri.) Kila mara alijaza, akawasha injini, akaweka swichi ya joto ya ndani kwenye moto kabisa ili maji yapite mpaka kwenye rejeta ndogo ya hita, akaacha ingurume, akazima, akasubiri ipoe, akamwaga. Mara ya kwanza yalitoka ya chai, ya pili ya limau, ya tatu safi. Katikati ya kuosha aliipima gasketi pia: kuna chupa yenye dawa ya bluu inayokaa juu ya shingo ya rejeta na kuvuta hewa yake, moshi wa injini ukiwa umevuja kuingia kwenye maji, bluu inageuka njano. Nilisimama pale nikiiangalia kama mzazi anayesubiri majibu ya mtoto. Ilibaki bluu. Desemba ilikuwa imeniacha salama.

Themostati, ile valvu inayofungua njia ya maji yakishapata joto, haikuwepo. Alipofungua mahali pake alikuta pako wazi. Fundi yule wa Septemba aliitoa bila kuniambia, na nimeshasikia wengi wakisema kwamba nchi ya joto haiihitaji, eti injini itapoa zaidi. Mzee alizungumza kwa ukali hapo, ndiyo mara pekee siku nzima alipoinua sauti. Injini hii imetengenezwa kufanya kazi ikiwa na joto lake. Ikikaa baridi muda wote inakula petroli zaidi na oili inabaki na unyevu. Na katika injini nyingi, themostati ikitolewa, sehemu ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, kwa hiyo siku ya mzigo mkubwa ndiyo gari linachemsha kirahisi. Nilikumbuka kwamba tangu Septemba matumizi yangu ya mafuta yalipanda na nililaumu foleni.

Themostati mpya ilikuwa shilingi 35,000. Hakuifunga moja kwa moja. Aliwasha jiko la gesi, akaweka sufuria ya maji, akaitumbukiza themostati imening'inia kwa waya pamoja na kipimajoto. Ubavuni imeandikwa 82. Tuliinama wote, mimi, mzee na kijana wake. Nyuzi 80 ilikuwa imefunga. Ilipopita 82 tuliona mdomo wake ukiachama taratibu. Nimefundisha miaka 14, na hilo lilikuwa jaribio zuri kuliko mengi niliyofanya maabara. Nimeshalifanya shuleni na ile themostati ya mfano aliyonipa bure.

Kujaza ndiko kunakohitaji subira, na ndiko mafundi wa haraka wanakoshindwa. Hewa ikibaki ndani inajikusanya juu ya silinda hedi, na mahali penye hewa hapana maji ya kupoza, hata kama rejeta inaonekana imejaa. Alilinyanyua gari mbele kwa jeki ili shingo ya rejeta iwe juu kuliko sehemu nyingine zote, akamimina polepole kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye kibatari, huku kijana akiminya mpira wa juu na wa chini kwa mkono. Mapovu yakawa yanapanda. Akawasha injini mfuniko ukiwa wazi, hita kwenye moto, akaongeza kila kiwango kiliposhuka. Mpira wa chini ulipopata joto ghafla akaniambia niushike: themostati imefunguka. Akasubiri feni ijiwashe na kujizima mara mbili. Ndipo akafunga mfuniko na kujaza kopo la akiba mpaka karibu na mstari wa FULL. Kila kitu kilipopoa akafungua tena na kuongeza kikombe kimoja. Darubini ilisoma nyuzi 34 chini ya sifuri. Akasema hiyo inatosha, maji kidogo lazima yabaki kwenye pembe za injini.

Kitu kimoja cha mwisho kwenye kazi yenyewe, na kwangu mimi ndicho kinachoitofautisha gereji hii na nyingine zote. Maji yote machafu yaliingia kwenye dumu kubwa lenye kifuniko lililoandikwa SUMU kwa rangi nyekundu. Hayakumwagwa kwenye mtaro. Ethilini glikoli ina ladha tamu, na kiasi kidogo kinamuua mbwa au paka. Mtoto naye anaweza kuonja dimbwi linalong'aa rangi ya waridi. Mtaro wa pale unapita nyuma ya nyumba za watu wenye kuku na watoto wanaotambaa. Hakuna mteja aliyemlazimisha mzee kufanya hivyo.

Kuhusu muda wa kubadilisha, nilimwambia nimesikia ile ya waridi hudumu kilomita 160,000. Ni kweli kwa gari jipya kutoka kiwandani: Toyota hutoa kilomita 160,000 au miaka 7 kwa mara ya kwanza, kisha kila kilomita 80,000 au miaka 4. Zile nyekundu za zamani ni miaka 2 au 3 tu. Lakini namba hizo ni za mfumo safi ambao haujawahi kuguswa na maji ya bomba. Kwa gari kama langu, lililopitia mikono mingi, alinishauri nibadilishe baada ya miaka 2 au kilomita 40,000, chochote kitakachotangulia, na aliandika kadi ya manjano akaifunga ndani ya boneti kwa waya: 187,400, ijayo 227,400. Glikoli haichoki upesi. Zinazochoka ni dawa za kuzuia kutu, na zikiisha maji yanaanza kuwa na asidi na kula chuma kimya kimya, rangi ikiwa bado nzuri. Ukinunua gari la mkononi na hujui historia yake, badilisha wiki hiyo hiyo. Ukiona kahawia, tope, au mafuta yanaelea juu, usisubiri kadi.

Mapungufu nayataja pia, kwa kuwa yapo. Mzee hapokei simu, lazima uende au utume mtu. Nililazimika kuomba risiti mara mbili. Choo chao si cha kumpeleka mtu. Na siku ya tatu niliona tone la waridi chini ya gari: klipu ya mpira wa chini haikurudishwa mahali pake sawasawa. Nilirudi, akaiangalia, akasema "Hili ni letu, mama," akairekebisha, akajaza kilichopungua, hakunitoza hata shilingi. Kwa fundi anayefanya kazi saa 6 kwa shilingi 40,000, nimeridhika. Jumla yote, na mfuniko, themostati, maji na dumu mbili, ilikuwa 269,000. Dumu la pili lilibaki karibu zima na limo kwenye buti, kwa hiyo nikihitaji kuongeza sitaongeza kitu kingine.

Kama una gari la kuzunguka mjini tu na kulanti yako ni ya waridi, safi, haijawahi kuchanganywa, huna haja ya kuosha mara tatu. Mwaga, jaza, toa hewa. Mzee atakuambia hivyo mwenyewe na atakutoza nusu. Kama unasafiri kwenda Iringa, Mbeya, Lushoto au Arusha, mwambie apime mfuniko hata kama hukuja kwa ajili ya maji.

Pasaka nilipanda Kitonga nyuma ya lori la saruji, watoto wamelala, kiyoyozi kimewashwa. Niliangalia mshale zaidi ya barabara. Mzee alishanieleza kwamba mishale ya Toyota imetengenezwa kutulia katikati hata joto likibadilika kidogo, kwa hiyo ukiona umesogea, jambo limeshatokea muda. Haukusogea. Tulifika Ilula saa 10 jioni, mama akiwa bado shambani kwenye nyanya.